Ozoni Ndani ya Chumba cha Koko

Niliingia mwenyewe, kwa miguu yangu miwili, ndani ya chumba kilichofungwa mlango na dirisha, nikawasha mashini ya ozoni, nikaweka pua mbele ya tundu lake, nikavuta. Sikuvuta mara moja. Nilivuta kama mtu anayenusa samaki wa Kasenyi juu ya moto, na njaa imemshika tangu asubuhi. Nakumbuka siku hiyo, mwanangu, juu kifua changu kinaikumbuka kuliko mimi.

Ndiyo, nimekuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa humanités, yaani sekondari, na ndevu zangu unaweza kuzihesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki. Lakini uzee si mvi. Mzee ni yule aliyefanya ujinga kabla yako, akabaki na pumzi ya kukuhadithia. Kwa hiyo kaa chini, nyamaza, heshimu mzee wako.

Mvua ndiyo ilianza. Mvua ya Bunia haipigi hodi. Mfereji wa mtaa wetu ulikuwa umejaa machupa na magunia, maji yakakosa njia, yakachagua uwanja wetu. Nyumba kubwa iko juu kidogo, ikapona. Lakini huko nyuma tuna annexe, chumba kimoja cha matofali kilichosimama peke yake, ambamo koko wangu analala, mama ya mama yangu. Hiyo iko chini. Maji yaliingia, yakapanda hadi kwenye godoro, yakakaa humo siku mbili kama mgeni asiyejua kuaga.

Koko mwenyewe hakuwepo. Alikuwa hospitalini kule Nyankunde, wiki ya tatu, kifua kimemshika. Muuguzi alimwambia mama maneno ambayo mama aliyarudia nyumbani kila siku kama rozari: huyu mzee akirudi, asilale penye moshi, wala vumbi, wala unyevu. Mapafu yake yamechoka. Yakishikwa tena, hatujui. Hilo "hatujui" ndilo lililokuwa linakula na sisi mezani kila jioni. Koko alikuwa anarudi Jumamosi, na chumba chake kilinuka kama soksi za timu nzima zilizosahauliwa ndani ya ndoo.

Hapo ndipo noko alipokuja na sanduku lake. Noko ni kaka mkubwa wa mama, na tangu babu afariki ndiye sauti ya ukoo: akisema keti, unaketi, hata kama hakuna kiti. Kazi yake ni kuosha magari yanayopandisha samaki kutoka ziwani. Harufu ya gari kama hilo haiogopi sabuni. Ndiyo maana alinunua, kwenye soko la Ariwara, mashini ya ozoni, sanduku la chuma kama redio kubwa, na panga-boi ndogo mbele na kitufe cha saa pembeni.

"Hii ndiyo dawa," noko akasema, akiipiga mgongoni kama ng'ombe wake. "Unafunga mulango, unaiacha inatumika. Harufu inakimbia yenyewe. Hewa inabaki safi kama kisha radi."

"Na mutu anaweza kubakia ndani, noko?"

"Mi nabakiaka ndani ya gari nayo, napanguza viti. Unaona nimekufa?"

Alipomaliza kusema hivyo akakohoa mpaka akashika ukuta. Noko anakohoa kama lori linalopanda mlima na mzigo wa mbao. Siye wote tulisema ni vumbi. Miaka yote tulisema ni vumbi.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, mwanangu, nikalifuata kama kondoo, na nusura nivunjike kifua. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga: kama oksijeni mbili zinanipa uhai, tatu zitanipa na akili za mtihani. Nikachukua daftari la kemia, nikajifungia chumbani mwa koko na mashini aliyotuachia noko.

Mwanzo ilikuwa tamu. Harufu ile ya mara baada ya radi, kali kidogo, baridi kidogo. Nikavuta. Nikacheka peke yangu. Kisha sikuisikia tena, nikafikiri imekwisha, nikasogea karibu zaidi. Haikuwa imekwisha. Pua ndiyo ilikuwa imechoka kunusa. Lishike hilo: pua ni mlinzi anayelala kazini. Baada ya muda macho yakaanza kuchoma, koo likawa kama nimemeza pilipili nzima na mbegu zake, na kila nikivuta hewa kifua kinajifunga katikati. Nilitoka nikitambaa. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Weye, unalia juu ya nini?"

"Kemia, mama. Iko nguvu."

Nilikohoa siku mbili. Uongo pia haupendi kifua kilichochoka.

Siku ya pili nilifanya jambo ambalo hakuna mwanaume wa ukoo wetu amewahi kulifanya mbele ya mashini yoyote: nilisoma karatasi. Ilikuwa bado imekunjwa chini ya sanduku, ndani ya plastiki yake. Kifaransa chake kilikuwa kimeandikwa na mtu aliyekutana na Kifaransa mara moja, njiani. Lakini kulikuwa na picha, na picha hazina lafudhi. Mtu, mstari mwekundu juu yake. Mbwa, mstari. Ndege ndani ya tundu, mstari. Hata ua ndani ya sufuria, mstari.

Nikampelekea mwalimu wetu wa kemia. Aliisoma, akanitazama, akaniuliza nilikuwa nakohoa tangu lini. Nikamwambia. Hakunicheka, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Akanieleza hivi: ile atomu ya tatu haina kwao. Inatoka, inauma kitu cha kwanza kinachokutana nayo. Ikikuta harufu, inauma harufu. Ikikuta mpira wa gari, inauma mpira mpaka upasuke. Ikikuta pafu la mtu, haiulizi ni la nani. "Na kama pafu lenyewe lilikuwa tayari linaugua?" nikauliza. Akakunja ile karatasi, akanirudishia.

Nikaenda moja kwa moja kwa noko. Nilimkuta chini ya gari.

"Noko, ile mashini haipendi mutu ndani. Iko kwenye karatasi."

"Karatasi!" akacheka kutoka huko chini. "Siku karatasi itaosha gari, uniite."

"Na kile kikohozi yako?"

Kicheko kikakatika. Akachomoza kichwa. "Mutoto, kikohozi yangu iko na miaka mingi kukupita. Uisalimie, halafu wende."

Mama yeye alinisikiliza. Alichukua panga la zamani akaanza kukwangua ukuta. Maana mwalimu alikuwa ameniambia pia hili, na ulijue: ozoni haikaushi kitu. Haitoi matope. Kuvu iliyojificha ukutani inapitwa na ozoni kama waziri anavyopita njia yetu, kwa kioo kilichofungwa. Kwanza unatoa maji, unatoa kilicholowa, unasugua, unakausha. Godoro la koko tulilitupa, na mama alililia kidogo, juu lilikuwa la harusi yake. Tulikwangua lipu iliyovimba hadi matofali. Tukasugua sakafu kwa sabuni na maji ya moto. Fundi wa umeme akaja kuangalia waya kabla hatujachomeka tena chochote, maana ukuta uliolowa na waya wakikutana wanazungumza, na mazungumzo yao yanaua. Kisha mlango wazi, dirisha wazi, jua na upepo siku nne. Ijumaa chumba kilikuwa kikavu. Harufu ilibaki nusu ya nusu.

Hiyo nusu ya nusu ndiyo nilitaka kuiondoa kwa mashini, kwa adabu, kama karatasi ilivyosema: chumba kitupu, muda mfupi, kisha madirisha wazi. Nikatoa hata kuku aliyekuwa anataga chini ya kitanda. Kitufe cha saa kilikuwa kimeharibika, noko alikuwa amekifunga kwa utepe mweusi kwenye alama ya kudumu, kwa hiyo saa ningekuwa mimi mwenyewe. Nikawasha, nikafunga, nikakaa nje. Hata robo saa haikutimia, umeme ukaenda.

Sasa sikiliza kosa langu la pili, juu hili ni kosa la watu wa Bunia, na wewe ulilifanya jana tu. Umeme ukienda, siye tunaachana na kila kitu pale kilipo. Pasi juu ya shati, redio katikati ya habari. Hakuna anayechomoa waya. Kwetu kitu kisicho na courant ni kitu kilichokufa, na nani anamfunga maiti kamba? Nikangoja, haukurudi. Wenzangu wakanipigia mluzi kutoka njiani, kulikuwa na mpira. Nikaenda. Waya ukabaki ukutani, kitufe kikabaki na utepe wake, mlango na dirisha vimefungwa. Nikasahau kabisa.

Jumamosi uwanja wetu ulijaa. Wamama wa shirika, kikundi cha sala cha mtaa wetu, walikuja tangu asubuhi na sufuria zao, wameshona kitambaa kimoja. Kwetu mzee aliyetoka hospitali haketi nje kama mgeni anayengoja jibu. Anashushwa garini, anaingizwa moja kwa moja ndani ya chumba chake, analazwa kitandani mwake, na watu wanajaa humo pamoja naye, mlango unafungwa upepo usimpige, wanaomba mpaka machozi yaishe. Kumwacha nje ni kumwambia: hatukukungoja. Kuna watu hawajasalimiana miaka kwa jambo dogo kuliko hilo.

Karibu saa nane mtaa mzima ukapiga kelele, "Courant!" Watoto wakaruka. Redio ya jirani ikaanza kuimba kwenye neno lile lile ilipokatikia. Mimi nilikuwa nabeba viti. Nami nikapiga kelele, mwanangu. Nikafurahi.

Gari la noko likaingia kati ya saa tisa na kumi, jekundu kwa vumbi la njia. Koko akashushwa, wamama wakaanza kuimba. Alikuwa amepungua, shingo imebaki kama ya kuku, lakini mdomo ulikuwa mzima. "Munaimba ivi, mulifikiri nakuya ndani ya sanduku?" Wamama wakacheka na kulia pamoja. Noko akamshika mkono mmoja, mama mwingine, na maandamano yakaanza kuelekea annexe. Mama, ambaye akinibembeleza ananiita Papa, akaniambia, "Papa, kimbia, fungua mulango."

Nikakimbia. Nikashika kitasa. Na kabla sijakizungusha nikaisikia, vvvvv, panga-boi ile ndogo, inafanya kazi yake kwa uaminifu kuliko mtu yeyote wa nyumba yetu.

Nilifungua kidogo tu. Ile harufu ya radi ikanipiga usoni kama kofi. Nikavuta pumzi moja nje, nikaishika, nikaingia. Nikachomoa waya. Nikasukuma dirisha mpaka likagonga ukuta. Nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu, nikaegemea mgongo. Nilipofungua macho walikuwa hapo mbele yangu, noko, mama, koko katikati, na nyuma yao wamama wa shirika wamesimama na wimbo mdomoni.

"Hakuna mutu anaingia," nikasema.

Wimbo ukafa.

"Unasema nini?" Noko hakupandisha sauti. Ni mbaya zaidi asipoipandisha.

"Mashini ilikuwa inatumika ndani tangu courant irudie. Ni kosa yangu, niliacha waya. Koko akiingia sasa, kifua yake..."

"Toka."

"Sitoki, noko."

"Mutoto anafungia koko wake mulango?" akasema mama mmoja. Mwingine akajibu kwa sauti ya kunong'ona ambayo ingefika Niania, "Angalia macho ilivyo mwekundu. Ni bangi. Amefungia bangi yake mule."

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Niliwahesabu kwa macho, mwanangu: walikuwa wazee wa kutosha kujaza basi, na neno lilikuwa linaharibika mbele yao wote. Na mimi nikaona haya. Usidanganywe, ukaidi hauondoi haya. Masikio yalikuwa yanawaka. Nilijua nikitoka pale hakuna atakayenilaumu. Nitakuwa mtoto mwenye adabu, na koko atakuwa amelala ndani ya hewa ile, mlango umefungwa upepo usimpige.

Noko aliachia mkono wa koko, akanijia. Akanishika shati kifuani. Nikamsukuma. Ndiyo, nimesema nilimsukuma. Noko, sauti ya ukoo. Alirudi nyuma hatua tatu, akakalia gunia la maharage, na gunia likapasuka chini yake, psss, maharage yakakimbia kila upande. Kwa dakika hiyo hakuna aliyepumua. Ozoni yenyewe ingepita bila kumpata mtu.

"Amenipiga," noko akasema kutoka pale chini. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayejaribu neno geni.

Mama akamkabidhi koko kwa jirani, akaja mpaka mbele yangu. Mama yangu ni mfupi. Aliniangalia kutoka chini kwenda juu, na bado nilikuwa mimi ndiye mdogo. Nilifunga macho nikingoja kofi. Nilikuwa nimeshaamua: apige, sitoki.

"Saa ngapi?" akauliza.

Sikuelewa. "Mama?"

"Nakuuliza, tungoje saa ngapi mbele aingie?"

"Leo hapana. Dirisha na mulango ilale wazi. Hata harufu ikiisha kwa pua yetu, tuongeze tena masaa. Kesho."

Akageuka. Akasema kwa sauti ile anayotumia sokoni, "Bamama, koko analala kwa kitanda yangu. Tunaomba kule. Muokote na maharage mukipita."

Walikwenda. Si kwa furaha, lakini walikwenda, kila mmoja akinipa jicho lake. Koko, akigeuzwa njia, akanyoosha shingo yake ya kuku kunitazama. "Donc niko mukubwa wa nchi," akasema, "naambiwa chumba haiko tayari." Kisha upepo ukaleta kidogo ya kile kilichokuwa kinatoka dirishani, kidogo tu, uzi wa harufu, na akaanza kukohoa. Alikohoa akiwa amesimama nje, chini ya mbingu yote, mpaka wamama wawili wakambeba. Hakuna aliyesema tena neno bangi.

Noko alijipanguza suruali, akapakia mashini yake, niliyomtolea nje, bila kuniangalia, akasema nyumba hii sasa inatawaliwa na watoto, akaondoka. Mpaka leo anapanguza viti na sanduku lile likiwaka pembeni, na mpaka leo anasema ni vumbi. Sikumshinda. Usifikiri nakuhadithia ushindi. Koko alilala chumbani mwake Jumapili, kwenye godoro la kuazima, na Jumatatu alikuwa tayari ananitukana kwa lugha mbili. Mimi hiyo ndiyo faida niliyopata.

Basi nasaha zangu ni hizi, na sitazisema kwa upole, upole nimewaachia wenye mvi. Usiogope harufu mbaya, ogopa harufu inayojifanya safi. Ozoni si manukato, si dawa ya kifua, si hewa ya mlimani. Ni kitu chenye meno, na kinafanya kazi vizuri pale tu ambapo hakuna anayepumua. Kausha kwanza, sugua kwanza, tupa cha kutupwa hata kama kilikuwa cha harusi. Ukiiwasha, mtoke wote, na kuku, na ua la bibi. Umeme ukienda, chomoa. Nasema chomoa, mwanangu, kitu kisicho na courant hakijafa, kinakungoja. Ukiizima, fungua, ngoja, na ukifikiri umengoja vya kutosha, ngoja tena, juu pua yako ilishalala zamani. Na mkubwa akikuambia "unaona nimekufa?", sikiliza kwanza anavyopumua.

Wakikuita mkaidi kwa jambo kama hilo, itika. Kuna siku adabu ni kusalimia kwa mikono miwili, na kuna siku adabu ni kuegemea mlango. Mungu akupe kifua kipana, pua yenye wasiwasi, na mgongo unaojua mlango upi wa kuulinda. Akupe pia noko mwenye moyo mkubwa kuliko noko wangu. Amina, kaa bado, sijamaliza.

Jioni ile ya Jumamosi, wamama walipokwisha kwenda, nilimkuta mama kwenye kibaraza, anachagua mawe ndani ya yale maharage. Nikakaa mbali kidogo, mahali ambapo mkono wake haufiki. Kisha, bila kuinua kichwa, alisema hivi, neno kwa neno:

"Kesho utaenda kupigia noko wako magoti, umuombe musamaha, juu ulimusukuma. Lakini juu ya mulango, usiombe mutu musamaha."